Siku ya Hofu Yangu: Shangazi Anajibu Barua Zenu

Katika toleo lililopita niligusia hofu kwa mstari mmoja tu, nikaendelea na mambo mengine. Ninyi hamkuendelea. Barua zilizokuja tangu hapo zimenikalisha mezani jioni nyingi, na safu nzima ya mwezi huu nimewaachia wanaoogopa. Baadhi ya barua nimezifupisha, na majina yote nimeyaondoa.

*

*Shalom Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nimeokoka, nina mke na mtoto mmoja, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Kwa miezi mitano sasa naamka saa nane usiku moyo ukinienda mbio, vidole vikifa ganzi, kifua kimebana, najua kabisa kwamba nakufa. Ilianza wiki mbili baada ya kumzika kaka yangu, aliyelala mzima asiamke. Nimeombewa mara tatu. Mara ya mwisho niliambiwa nina roho ya woga, kwa maana imeandikwa Mungu hakutupa roho ya woga, na kwamba imani yangu ingekuwa ya kweli hofu ingekwisha. Tangu siku hiyo naogopa mara mbili: naogopa kufa, na naogopa kwamba mimi si wa Mungu. Mke wangu hajui lolote. Juma lililopita niliwafundisha watoto habari za Daudi na Goliathi nikajiona mnafiki. Nifanye nini?*
*Asiyelala*

Mwanangu Asiyelala, pole kwa msiba wa kaka yako. Naanza hapo kwa sababu wewe umeutaja kwa sentensi moja ukapita, na nahisi hata waliokuombea waliupita hivyohivyo. Kaka alilala mzima asiamke. Wewe unaamka usiku wa manane ukidhani zamu yako imefika. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo wako ni kitanda. Mwili wako umejifunza kwamba usingizi unaua, na kila usiku unakuamsha ili kukuokoa. Mwili unakosea, lakini haukutendei uovu.

Sasa nirudi kwenye somo lako la watoto. Daudi na Goliathi ni 1 Samweli 17. Nakuomba ufungue sura ya 21, ambayo watoto hawafundishwi. Daudi anamkimbia Sauli. Anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, hana silaha, anaambiwa iliyopo ni moja tu: upanga wa Goliathi, umefungwa ndani ya nguo. Anauchukua. Kisha anakimbilia wapi? Gathi, mji wa Goliathi mwenyewe. Mtu yuleyule aliyemwangusha jitu kwa jiwe moja anaingia katika mji wa jitu hilo na upanga wake mkononi, watumishi wa mfalme wanamtambua, na Biblia inasema wazi kwamba akamwogopa sana Akishi, mfalme wa Gathi. Akaogopa hata akajifanya mwendawazimu, akawa anakwaruza milango ya lango na kuachia mate yashuke kwenye ndevu zake.

Zaburi ya 56 ina maelezo juu yake kwamba ni ya Daudi, Wafilisti walipomkamata huko Gathi. Na humo ndimo lilimo neno hili: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Lisome polepole. Daudi hangoji siku ambayo hofu itakuwa imekwisha. Anasema *siku ya hofu yangu*, hofu ni yake, haikani wala haitupii mtu mwingine, na katika pumzi hiyohiyo anatumaini. Vitu viwili ulivyoambiwa haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja vimekaa ndani ya mstari mmoja.

Basi, hilo andiko la 2 Timotheo 1:7. "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Ni neno zuri mno, na linaniuma linapogeuzwa fimbo. Paulo analiandika akiwa mfungwa, kwa kijana anayempenda, ambaye machozi yake anayakumbuka, ndivyo anavyosema mstari wa 4. Hamshitaki Timotheo kwamba si wa Mungu. Anamkumbusha kile ambacho tayari amepewa, akichochee. Na Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuwako kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi", na mahali pengine kwamba nje palikuwa na vita, ndani hofu. Aliyekwambia maneno yale simjui na sitaki kumhukumu, pengine alikusudia mema. Lakini alikosea, mwanangu, na ninakwambia hivyo bila kung'ata maneno, kwa sababu kosa lake limekuongezea mzigo wa pili juu ya ule uliokuwa nao.

Najua mzigo huo ulivyo. Miaka 19 iliyopita basi nililokuwa nimepanda lilipinduka usiku. Abiria wawili walikufa. Mimi nilitoka na bega lililovunjika, na Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa kushukuru. Bega lilipona baada ya wiki 8. Siku ya kurudi kazini (nilikuwa muuguzi wa zamu za usiku) nikafika kituoni, nikaweka mguu kwenye ngazi ya gari, na mguu ukakataa. Siwezi kuueleza vizuri zaidi ya hivyo. Ulikataa. Kwa miezi 11 nilikwenda kazini kwa miguu, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Niliombewa, nikafunga, nikaambiwa kwamba mtu aliyeokolewa na ajali hana sababu ya kuogopa, na kwamba hofu yangu ilikuwa ni kumkosea shukrani Mungu. Nikaacha kuomba niombewe. Nilianza kudanganya kwamba kutembea ni kwa ajili ya afya.

Aliyenisaidia ni mjane mmoja mzee aliyekuwa akija Jumamosi kufuta vumbi kwenye viti vya kanisa. Alimwomba mwanawe aegeshe gari uani, injini imezimwa. Akaingia, akakaa kiti cha nyuma, akauacha mlango wa upande wangu wazi. Akasema, "Ingia huku ukiogopa. Ukishindwa, simama hapohapo, mimi nimekaa."

Jumamosi ya kwanza nilisimama tu. Naukumbuka ule mpira mweusi wa ukingo wa mlango, ulikuwa umechanika mahali pamoja, na kidole changu kiliingia kwenye mpasuko kikakaa humo muda wote. Yeye alikuwa akisoma Zaburi kwa sauti ndogo, wala hakuwa ananisomea mimi. Alikuwa anamsomea Mungu. Jumamosi ya tatu niliketi. Ya tano tukafunga mlango. Ya saba injini iliwashwa, nikatoka mbio hata kiatu kimoja kikabaki ndani. Ya nane nikabaki. Ikawa kuzunguka ua mara moja, kisha hadi barabara kuu na kurudi, kisha siku moja nikapanda basi, yeye ameketi kando yangu ameshika mkono wangu ambao ulikuwa umelowa jasho kama nguo iliyotoka kufuliwa.

Hofu haikung'oka siku moja kwa kishindo. Hata leo gari likikata kona kwa kasi usiku, mkono wangu hukamata kiti cha mbele wenyewe. Lakini nafika ninakokwenda, na Zaburi ya 56 naijua kwa mikono na miguu, si kwa mdomo tu.

Kuhusu kujiona mnafiki mbele ya watoto, nikukumbushe mhubiri mmoja ambaye jina lake huenda umelisikia, Charles Spurgeon. Tarehe 19 Oktoba 1856 alikuwa akihubiri katika ukumbi mmoja mkubwa jijini London, umejaa maelfu ya watu. Wakati wa ibada mtu akapiga kelele kwamba kuna moto. Hapakuwa na moto. Watu wakakanyagana, 7 wakafa. Spurgeon alikuwa na miaka 22. Alivunjika moyo kiasi kwamba kwa siku kadhaa hakuweza kuhubiri, na vipindi vya majonzi mazito vilimrudia maisha yake yote. Aliwaambia washirika wake waziwazi kuhusu hali hiyo, na akaendelea kuwahubiri kwa miaka mingi. Hakuna aliyemsikiliza akasema, huyu anatudanganya. Walioumia walisikia sauti ya mtu anayejua.

Nije kwenye saa nane usiku yenyewe. Nitakusemesha kama muuguzi kwanza. Ubongo unapodhani kuna hatari ya kufa, mwili humwaga adrenalini, kemikali inayouandaa kupigana au kukimbia. Moyo unakimbia ili damu ifike kwenye misuli. Unapumua harakaharaka, hewa ya ukaa inapungua katika damu, na ndiyo sababu vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Dhoruba hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha huanza kushuka, hata usipofanya chochote. Hata hivyo usijitibu kwa kunisoma mimi. Nenda kwa daktari umweleze habari za kifua na habari za kaka yako. Ndugu wa damu aliyekufa ghafla usingizini ni jambo ambalo daktari anapaswa kulijua, apime moyo wako. Apime na damu pia, na tezi ya shingoni, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta mapigo ya namna hiyo. Ukishajua moyo wako ni mzima, utakuwa na jambo la kweli la kuuambia mwili wako usiku.

Ukiamka, usibaki umelala chali unapigana. Keti ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Vuta pumzi taratibu kwa maneno "Siku ya hofu yangu". Itoe polepole zaidi, ndefu kuliko ulivyoivuta, kwa maneno "nitakutumaini Wewe". Ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupunguza mwendo wa moyo, Mungu aliuumba mwili hivyo. Rudia. Usihesabu mara ngapi wala usijikague kama imefanya kazi.

Na kama maneno ya sala hayaji, sema lolote lililopo. Wanafunzi katika chombo kile kinachojaa maji hawakusali vizuri. Walimwamsha Yesu wakamwambia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hiyo ni lawama. Marko 4 haisemi kwamba Yesu aliwataka kwanza warekebishe sala ndipo ainuke. Aliamka, akaukemea upepo. Swali lake kuhusu imani lilikuja baadaye, bahari ikiwa shwari.

La mwisho, mwambie mke wako. Leo, kabla ya kulala. Usimwambie katikati ya usiku ukitetemeka, mwambie mkiwa mmekaa. Yule mjane wangu alifanya jambo moja tu kubwa, alikaa. Unaye anayelala sentimita 30 kutoka kwako na umemnyima nafasi hiyo kwa miezi mitano.

*

*Shangazi, ni kweli kwamba neno "usiogope" limeandikwa mara 365 katika Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka?*
*Mpenda Neno*

Si kweli. Niliwahi kukaa na itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo) na penseli siku mbili kwa ajili ya swali hili. Ukihesabu "usiogope" na "msiogope" hufiki hata karibu ya idadi hiyo. Sioni sababu ya kumtetea Mungu kwa hesabu isiyo sahihi.

Lakini siku zile mbili hazikupotea, kwa sababu niliona kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Tazama kinachofuata baada ya neno hilo. Isaka, Mwanzo 26: usiogope, maana mimi ni pamoja nawe. Isaya 41:10: "usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe". Paulo kule Korintho, Matendo 18, anaambiwa usiku katika maono asiogope bali anene, kwa kuwa mimi ni pamoja nawe. Mara nyingi mno sababu inayotolewa ni hiyohiyo. Katika sehemu hizo haambiwi mtu kwamba hakuna cha kuogopa. Korintho palikuwa na cha kuogopa, na baadaye Paulo alikamatwa akapelekwa mbele ya kiti cha hukumu.

*

*Shangazi, daktari amenipa vidonge vya wasiwasi. Viongozi wangu wa maombi wanasema nikivimeza nimechagua msaada wa mwanadamu. Nimeviweka kabatini wiki ya tatu sasa.*
*Njia Panda*

Vitoe kabatini, mama. Rudi kwa daktari, mwambie ukweli kwamba hujaanza, akueleze jinsi ya kuanza, na ukishaanza usiache ghafla bila kumwuliza. Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Paulo huyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakumwambia afunge siku tatu. Na Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika alimgusa akamwambia inuka ule. Akala mkate, akanywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mahubiri yalikuja baadaye sana, Horebu.

Kama viongozi wako wanavaa miwani, nao wana msaada wa mwanadamu usoni. Uwaambie kwa upole.

*

*Shangazi, nina miaka 22, na jambo hili sijawahi kulisema. Nikiwa katika maombi yananijia matusi juu ya Roho Mtakatifu. Siyataki. Nayafukuza yanarudi. Nimesoma kwamba dhambi hiyo haisamehewi milele. Siku hizi naogopa hata kusali kwa sababu ndipo yanapokuja. Je, nimekwisha?*
*Aliyepotea*

Hapana, binti yangu. Hujakwisha, wala jina ulilojipa silikubali.

Soma Marko 3 kuanzia mstari wa 22, usianzie wa 29. Waandishi wameshuka kutoka Yerusalemu, wanajua kwamba watu wanafunguliwa, na wanasema kwa makusudi, wakiwa na akili zao timamu, kwamba nguvu hiyo ni ya shetani. Marko mwenyewe anatufungia maana katika mstari wa 30: Yesu alisema hivyo kwa vile walivyosema, "Ana pepo mchafu." Walikuwa watulivu. Hakuna hata mmoja wao aliyekosa usingizi, aliyelia, aliyemwandikia mtu barua akiuliza kama kuna njia ya kurudi. Wewe unalia. Kinachokutisha ni kutengwa na Mungu, na hilo halimtishi mtu asiyemtaka Mungu.

Mawazo yanayoingia bila kualikwa na maneno unayoyatamka kwa hiari yako ni vitu viwili. Kuna mtu wa karne ya 17 ambaye ningetamani uketi naye, John Bunyan, fundi wa kuziba vyombo vya chuma kule Uingereza, ambaye baadaye alikuwa mhubiri na akafungwa gerezani miaka 12 kwa kutokubali kuacha kuhubiri. Akiwa kijana aliandamwa na wazo moja: mwuze Kristo, mwuze. Mezani, kazini, kitandani. Alilipinga kwa maneno, akalipinga hata kwa mikono, akisukuma kwa viwiko kama anayemsukuma mtu. Siku moja amechoka, likapita moyoni mwake wazo kwamba basi, Kristo na aende akitaka. Akaamini amekwisha, na mateso hayo yalidumu muda mrefu. Hakuwa amekwisha. Baadaye mtu huyohuyo aliandika kwa kirefu juu ya Yohana 6:37, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe", na unapomsoma unajua kwamba hakuliokota neno hilo vitabuni.

Jambo la kufanya litakushangaza: acha kuyafukuza. Wazo la namna hii hunona kwa kupigwa vita. Likija katikati ya sala, usisimame kutubu upya, usianze sala mwanzo. Mwambie Mungu, "Umelisikia, na unajua silitaki," kisha endelea na neno lililokuwa linafuata. Mara ya kwanza utatetemeka. Endelea hivyohivyo. Tena usiache kusali, kwa sababu ukiacha, hofu imekuchagulia pa kukaa. Kama mawazo haya yanakula saa nzima za siku yako, au yanakulazimisha kurudiarudia mambo ili upate amani, kuna ugonjwa unaojulikana wa namna hiyo na unatibika. Mtafute daktari wa afya ya akili. Kumwona si kukiri kwamba una dhambi, wala hutaitwa mwendawazimu.

Nitafurahi ukiniandikia tena, kwa jina lingine.

*

*Dada mpendwa, mimi ni mwenzako kwa umri, nina miaka 58. Walinikuta na uvimbe katika titi, wakachukua kipande kupima. Majibu ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Wenzangu wa kikundi cha maombi wananiambia nikiri kwamba majibu ni mazuri na nisitamke lingine lolote, maana ulimi huumba. Nimekiri. Lakini usiku moyo hausikii ninachokiri. Nimechoka kujifanya.*
*Mama wa Wanne*

Dada yangu, basi usijifanye tena. Mbele yangu na mbele ya Mungu, sema unaogopa.

Nianze na la wodini, kwa sababu nalo ni ukweli wa Mungu: mavimbe mengi ya titi yanayopimwa hayakutwi na saratani. Hilo ni kweli, na si ahadi. Sikujui titi lako, nami sitakudanganya kwa jina la imani.

Vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadreza walisema Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wakasema maneno ambayo kikundi chako kingewakataza kuyatamka: "Bali kama si hivyo." Walilitamka lile lingine. Waliliweka mezani mbele ya mfalme, wakalitazama, na imani yao haikupasuka. Tena Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane alianza kufadhaika sana na kuhangaika, neno ni la Marko, akawaambia rafiki zake roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Hakukiri kwamba kikombe hakipo. Aliomba kiondolewe. Aliomba tena kwa maneno yaleyale. Kama kusema "naogopa" kungekuwa kuumba mabaya, Yesu asingelisema.

Kwa hiyo omba wazi. Omba majibu mazuri, uombe kwa nguvu zako zote, usione haya kutaka kuishi. Kisha mwambie na lile lingine, kwa jina lake, mkiwa wawili tu. Nimewaona wengi wakingoja majibu. Waliotulia kuliko wote hawakuwa wale wenye uhakika wa kupona. Walikuwa wale waliokwisha kumwambia Mungu jambo lenyewe, wakakuta bado yupo chumbani.

Alhamisi usiende peke yako. Chukua mmoja wa watoto wako, yule asiyelia haraka. Chukua daftari. Andika maswali usiku wa Jumatano, kwa sababu daktari akishatamka neno la kwanza masikio huziba, nimeliona kwa macho yangu mara nyingi sana, mtu anaitikia kwa kichwa na hakusikia kitu. Mtoto aandike majibu. Yesu naye aliwachukua watatu waende naye bustanini, akawaomba wakeshe. Walilala, ndiyo, lakini alikuwa amewaomba.

Wale wa kikundi wanakupenda. Waambie tu kwamba wiki hii unahitaji waje kuketi.

Nimeandika siku yako kwenye karatasi nikaiweka penye Zaburi ya 56. Alhamisi hiyo kuanzia saa mbili asubuhi nitakuwa nimepiga magoti hadi nihisi umeshatoka kwa daktari. Niandikie jioni yake, dada, majibu yawe yoyote yatakayokuwa.